Jemadari wa Coburg na Rungu la Kupimia Soseji

Mama, Baba Mdogo na majirani wote wa ploti, Kawangware,

Mimi ni mzima, hofu ni kwenu na hiyo stima inayopotea kila mvua ikinyesha.

Mliuliza kama huku Coburg, Ujerumani, kuna watu weusi. Tupo wachache, ila aliye maarufu kutushinda sote namkanyaga kila asubuhi nikienda kazini: kichwa chake kimo kwenye vifuniko vya mashimo ya majitaka. Ana hereni, nywele za kipilipili na midomo aliyoongezewa na mchoraji. Ndiye nembo ya mji. Kenya tumemweka jogoo mwenye shoka. Hawa wamemweka mtu anayefanana na Mjomba.

Ni Mtakatifu Maurice, jemadari wa Kirumi kutoka Thebes, Misri. Inasimuliwa kwamba aliuawa mnamo mwaka 286 hivi, ilipo Uswisi leo, kwa kukataa amri ya Kaizari Maximian ya kuwaandama Wakristo wenzake.

Siku hizi anakagua nyama. Sanamu yake iko juu kabisa ya ofisi ya baraza la mji, mkononi kashika rungu kama Mzee Moi, na wenyeji wanasema urefu wa rungu hilo ndio urefu wa soseji ya Coburg: sentimita 31 ikiwa mbichi. Jamaa wa mutura hapo stejini angekuwa na mtakatifu wa kumchungulia hivyo, tusingeuziwa vipande vinavyopotelea kwenye jino.

Mwaka 2020 watu walianza kukusanya sahihi, hawa wakitaka uso huo uondolewe kwa kuwa unadhalilisha, wale wakitaka ubaki. Shida ni kwamba waliowahi kuuondoa ni Wanazi, mwaka 1934, wakaweka upanga wenye swastika. Walipoanguka mwaka 1945, Maurice akarudi.

Kazini wananiuliza maoni yangu, utadhani mimi ni mpwa wa marehemu. Nawajibu: abaki, lakini achorwe upya kama jemadari, si kama kikaragosi. Na huko kwenye majitaka atolewe.

Sikukuu yake ni tarehe 22 Septemba. Mama, mwombe padri amtaje siku hiyo. Na mkipata mtu anayekuja huku, mpeni kilo mbili za unga wa wimbi, soseji nimezichoka.