Kumi Bora za Heroku, Kuanzia Kero Hadi Mahaba

Heroku ilianzishwa mwaka 2007 na James Lindenbaum, Adam Wiggins na Orion Henry, ikaja na ahadi ambayo kila mwandika programu alikuwa akiiota: wewe andika kodi, mambo ya seva tuachie sisi. Hakuna kukesha unafunga Linux, hakuna kubembeleza Nginx. Mwishoni mwa 2010 Salesforce wakaafikiana kuinunua kwa dola milioni 212. Tangu hapo wanafunzi wengi wa kompyuta wamerusha hewani programu yao ya kwanza humo, na wengi wametoka na malalamiko yaleyale. Nimeyapanga kutoka dogo hadi kubwa, kwa upendeleo wangu mwenyewe. Asiyeridhika na mpangilio aandike wake.

10. Jina la kubandikwa

Usipoipa programu yako jina, Heroku wanaibatiza wenyewe: maneno mawili ya Kiingereza cha kishairi, kisha namba. Ni mzaha wa waanzilishi waliopenda haiku, ushairi mfupi wa Kijapani, na Ujapani uliingia kwa sababu huduma ilianza na programu za Ruby, lugha iliyobuniwa na Yukihiro Matsumoto. Mwaka 2011 wakamwajiri Matsumoto mwenyewe. Ushairi mtamu kabisa. Sasa kamweleze mwenye duka la vipuri Kariakoo kwa nini tovuti yake inaitwa kitu kama upepo-mchovu-4821.

9. Mlango namba 3000

Nyumbani programu inasikiliza mlango namba 3000 na maisha yanasonga. Heroku hawataki habari za 3000. Wanakupangia namba yao kupitia kigeu kiitwacho PORT, na programu isipoufungua mlango huo ndani ya sekunde 60 inauawa, logi inaandika R10. Hapo developa mgeni anageukia kompyuta yake, anaiona inafanya kazi, na anatamka yale maneno ya kale: "Mbona kwangu inafunguka?"

Kwako hakuna mteja, kaka.

8. Herufi za msiba

Heroku hawakuambii "samahani". Wanakupa herufi na namba. H10, programu imeanguka. H14, hakuna daino hata moja ya kupokea wageni (daino ndiyo kontena linaloendesha programu yako), na mara nyingi aliyesahau kuiwasha ni wewe. R14, umevuka kiwango cha kumbukumbu, ambacho kwa daino ndogo ni MB 512. Simu ya bei poa inakushinda.

Lakini mfalme wao ni H12. Ombi likipita sekunde 30 bila jibu, mfumo wa kuelekeza maombi unalikata na mgeni anaonyeshwa ukurasa wa hitilafu. Mhanga wa kawaida ni ripoti ya mauzo ya mwaka mzima katika PDF. Bosi anabofya, anasubiri, anaona hitilafu. Asichokijua ni kwamba kilichokatwa ni mawasiliano tu: daino bado inatokwa jasho na ripoti ambayo haina tena wa kumpa. Bosi anabofya tena. Na tena, safari hii kwa hasira, kana kwamba kitufe kinahisi maumivu. Sasa kuna ripoti tatu zinapikwa kwa mpigo, kumbukumbu inajaa, R14 inaingia, na wateja wengine wote wanaanza kuona H12 za kwao.

Dawa inajulikana: kazi nzito iwekwe kwenye foleni, ifanywe na daino ya nyuma isiyopokea wageni, kisha bosi atumiwe kiungo kwa barua pepe. Bosi atauliza kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwambie ni toleo jipya.

7. Saa ya seva si saa ya ukutani

Seva zinatumia UTC. Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele kwa saa tatu. Bujumbura na Lubumbashi kwa saa mbili. Hesabu ni ya darasa la pili, mpaka pale Mswahili anapoagizwa kupanga ujumbe wa kuwakumbusha wazazi ada "saa mbili asubuhi" naye akaandika 2:00. Seva, kwa utii wote, inautuma saa mbili za UTC, ambazo Dar ni saa kumi na moja alfajiri. Ilipaswa kuandikwa 5:00. Wazazi wamelipa, lakini hawasalimii.

6. Gesti ya saa ishirini na nne

Hapa ndipo wengi hulia kweli. Daino ni chumba cha gesti: lala, oga, anika soksi dirishani, lakini karibu mara moja kwa siku mhudumu anapita kufagia, na akifagia hachagui. Kila daino huwashwa upya baada ya saa 24, pamoja na nyongeza ya bahati nasibu isiyozidi dakika 216 ili zote zisizimike kwa pamoja. Ukirusha toleo jipya inaanza upya. Ukibadilisha mpangilio mmoja tu inaanza upya. Na faili lolote lililoandikwa ndani yake baada ya kuwaka linapotea bila matanga.

Kwa hiyo unajenga mfumo wa shule. Walimu wanapakia picha za wanafunzi mchana kutwa, kila mtu anapiga makofi, mkuu wa shule anaahidi kukupeleka kwenye mkutano wa wakuu wenzake. Kesho yake asubuhi majina yapo, picha hakuna. Aliyehifadhi kila kitu kwenye SQLite ana bahati mbaya zaidi, kwa kuwa hata majina hana: faili la SQLite lilikuwa humohumo chumbani.

Naona watu wanauita huu udhaifu. Mimi nauona ndio mpango wenyewe. Daino isiyomiliki kitu inaweza kufa usiku na nyingine ikashika zamu bila mtu kujua, na ukitaka kumi badala ya moja, zote zinafanana. Data ikae kwenye Postgres, picha zikae kwenye ghala la nje kama S3, na programu isafiri bila mizigo. Tatizo ni kwamba somo hili linafundishwa kwa kufuta kwanza, kueleza baadaye.

5. Siri iliyobandikwa ukutani

Adam Wiggins aliandika kanuni kumi na mbili za programu zinazokaa vizuri kwenye wingu, na mojawapo inasema nywila na funguo zisikae ndani ya kodi. Zikae kwenye vigeu vya mazingira. Wote tunakubali. Kisha tunalipandisha faili la .env GitHub kwa jina la "marekebisho madogo".

Kulifuta kwenye toleo linalofuata hakusaidii, Git ina kumbukumbu kuliko shangazi wa harusini. Ufunguo ukishaonekana, badilisha ufunguo. Halafu, mganga hajigangi: Aprili 2022 Heroku wenyewe waliibiwa tokeni zilizowaunganisha wateja wao na GitHub, na Mei wakalazimika kufuta nywila za watumiaji wao ili ziwekwe mpya.

4. Bahari iko palepale

Daino za kawaida hukaa sehemu mbili, Marekani au Ulaya, kwenye mashine za Amazon zilizoko Virginia na Ireland. Usipochagua, unapelekwa Marekani. Kutoka Dar hadi Virginia ni zaidi ya kilomita 12,000, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 120 hata kabla programu yako haijafikiri lolote, na hapo tumejifanya mkongo umenyooka kama rula. Ukurasa unaoomba vitu vinane, kimoja baada ya kingine, umeshakula karibu sekunde nzima safarini. Chagua Ireland, punguza safari, acha kumlaumu mtu wa hifadhidata.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku za namna hiyo ukurasa wa Heroku wa hali ya huduma unabaki kijani kibichi. Nao hausemi uongo. Virginia kila kitu kinafanya kazi.

3. Mwenye nyumba naye kapanga

Heroku wanakodisha kwa Amazon. Tarehe 21 Aprili 2011 diski za Amazon za Virginia zilikwama, zikaanguka pamoja Reddit, Quora, Foursquare na Heroku, na baadhi ya programu za wateja zilikaa zaidi ya siku moja bila kupumua.

Mkasa wa Februari 2013 ni mtamu zaidi kwa wanaopenda ugomvi. Tovuti ya Rap Genius, iliyosema inalipa dola 20,000 hivi kwa mwezi, iligundua kwamba maombi hayapelekwi kwa daino iliyo huru, kama ilivyoaminika. Yanagawiwa kwa bahati nasibu. Daino moja inapigwa na maombi sita huku jirani yake imekaa tu, na mteja anayeona foleni anaongeza daino, yaani analipa zaidi ili kununua bahati. Heroku wakakiri kwamba maelezo yao hayakulingana na hali halisi, wakaomba radhi. Wachambua mashairi ya rap ndio waliowasomea wahandisi nyaraka zao wenyewe.

2. Usingizi wa bure

Enzi za kifurushi cha bure, daino isiyopata mgeni kwa dakika 30 ililala. Mgeni wa kwanza akaisubiri iamke, inyooshe viungo, ndipo ijibu. Kwa tovuti ya mashairi yako haina shida. Kwa duka linalopokea M-Pesa ni mtihani, kwa sababu jibu la malipo hutumwa kwenye anwani uliyoitaja, na anwani yenyewe inakoroma. Mteja kakatwa hela. Duka halina habari.

Ujanja ukazaliwa: weka roboti iigonge programu kila baada ya dakika chache isilale. Heroku nao si wageni mjini. Asiyesajili kadi ya benki alipewa saa 550 kwa mwezi. Gawa kwa 24. Programu isiyolala inakata roho tarehe 23, siku ambazo mshahara nao umekwisha. Ukisajili kadi unaongezewa 450, na hapo mwezi mzima unatosha.

Agosti 2022 wakatangaza kwamba bure basi, wakitaja ulaghai na matumizi mabaya, na tarehe 28 Novemba mwaka huohuo pazia likashuka, hifadhidata za bure zikafuata. Miradi ya mwaka wa mwisho ya vyuo chungu nzima ilizimika bila wenyewe kujua, maana barua pepe za onyo zilikwenda kwenye anwani zilizofunguliwa kwa ajili ya usajili na kusahaulika papo hapo. Kilichokuja badala yake kinaitwa Eco: dola 5, saa 1,000 kwa mwezi. Na bado inalala baada ya dakika 30! Unailipia gesti na mlinzi wake anakoroma. Ukitaka isilale, panda hadi dola 7. Dola, si shilingi, kwa hiyo bei kwako inabadilika hata wao wasipoigusa. Kenya angalau, tangu 2022, kuna kadi pepe ya Visa ndani ya M-Pesa, na kijana asiye na akaunti ya benki hahitaji tena kumbembeleza mjomba.

1. git push heroku main

Maneno manne, na ndiyo sababu ya kuvumilia tisa yaliyotangulia. Unasukuma kodi, wao wanachungulia. Wakikuta Gemfile wanajua ni Ruby, package.json ni Node, requirements.txt ni Python. Wanapakua vinavyohitajika, wanafunga kifurushi, wanakiwasha, wanakuletea anwani. Kikombe cha chai hakijapoa. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa na mtu wake, mtu huyo alikuwa na funguo za chumba chenye kiyoyozi, na ulimwamkia kwanza kabla ya kueleza shida.

Kila mtu ameiiga. Mwaka 2013 Jeff Lindsay aliandika Dokku, Heroku ndogo ya kujifungia mwenyewe, kwa mistari 100 hivi ya Bash. Render na Railway wanauza ladha ileile, na waliofukuzwa na bili ya Novemba 2022 wengi wao walihamia huko, wakaulizia kwanza kama bado ni kusukuma tu.

Kuna na amri ya kurudi nyuma, heroku rollback, inayokupa toleo la jana kwa pigo moja. Ndiyo inayowapa watu ujasiri wa kurusha Ijumaa saa kumi na moja jioni, viatu vya mpira vikiwa tayari miguuni. Inarudisha kodi. Safu uliyoifuta kwenye hifadhidata hairudishi, na logi zitakujulisha hilo ukiwa katikati ya kipindi cha kwanza.