Gari Letu, Gari Lake

Ukitaka kufufua lori la zamani hapa Makambako, usianzie gereji. Anza kwa kuzunguka mtaani na kupiga hodi. Fiat 682 N3 niliyoinunua kwenye yadi ya kampuni moja ya usafirishaji iliyokufa zamani ilikuwa na chesesi, injini, kabini yenye yale masharubu ya bati puani, na mparachichi ulioota palipokuwa kiti cha utingo. Nadhani utingo mwenyewe ndiye aliyedondosha kokwa. Vingine vyote vilikuwa vimeshapata ajira mjini.

Ringi ya nyuma ilikuwa kengele ya shule ya msingi. Nilikwenda kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Kama ni mchango wa madawati, karibu ukae."

Nilipomweleza shida yangu alifungua leja, akanionyesha kwa kidole: kengele, moja, nzima. Mali ya umma. Nikaahidi kumletea nyingine. Kesho yake nikafika na ringi ya Isuzu. Akaigonga kwa nondo, akainamisha kichwa kusikiliza, akasikitika. "Kwa hii, wa darasa la saba watajua mtihani umeanza wakati wenzao wanakusanya karatasi." Ilibidi nitafute ringi nyingine nzito, akaipokea, kisha akaibakiza na ile ya Isuzu. Ya mapumziko, alisema.

Tangi la dizeli lilikuwa limekatwa likawa jiko la mama mmoja muuza ulanzi, nikalisamehe. Springi za mbele ndizo zilizonitesa. Mhunzi alikiri bila haya kwamba alishazigeuza mapanga. Nikamuuliza kama kuna hata jani moja lililosalia. Akafikiri. "Lipo moja halijachakaa. Analo baba mkwe wako." Sasa utamwendeaje mkwe ukamwambie, baba, naomba panga lako, ni springi yangu? Nilinunua springi za Scania, fundi akazikata, na mpaka leo nikienda ukweni namwangalia mzee akifyeka majani, namezea mate gari langu.

Watu huuliza lori la Italia lilifuata nini huku kwenye baridi. Lilifuata siasa. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia, ambayo mafuta yake na shaba yake vilipita kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Njia mojawapo iliyobaki ikawa hii yetu ya Dar es Salaam. Zikaundwa safari za malori chini ya Zambia-Tanzania Road Services, Fiat nyingi tu, zikipanda na mafuta na kushuka na shaba, juu ya barabara ya vumbi ambayo wazungu waliiita ya Jehanamu. Masika ilikuwa tope la kumeza ekseli. Kiangazi dereva alimfuata mwenzake mbele kwa kukisia ndani ya vumbi. Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta mwaka 1968, lami ikafuata, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, na Fiat zikabaki kubeba mahindi, mbao na abiria wasio na haraka. Stelingi ya Fiat hii iko kulia tangu kwao Italia, ambako dereva wa lori alikalishwa upande huo ili auone ukingo wa barabara za milimani. Kwa hiyo ilipofika kwenye mlima wa Kitonga, ilifika inajua kazi.

Habari zilipoenea kwamba kuna Fiat inatengenezwa, wakaja madereva wastaafu, kila mmoja na kigoda chake. Ajabu ni kwamba wote walikuwa wameendesha gari hilihili. Mmoja alilitambua kwa kovu la bampa, mwingine kwa mlio wa mlango, ingawa mlango wenyewe nilikuwa nimeununua Mbeya juma lililopita. "Gari letu hili," wakasema, na tangu siku hiyo halikuwa langu tena. Rangi walichagua wao. Fundi alifukuzwa na kurudishwa bila mimi kuulizwa. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa gia: hawa wanasema klachi inakanyagwa mara mbili, wale wanasema mwanamume hagusi klachi, anaisikiliza injini mpaka ikubali. Chai ilikuwa ya mama watoto. Alianza kunihesabia sukari.

Siku ya kuwasha tuliazima betri mbili za Fuso. Nozeli zilikuwa zimepimwa, dizeli imejaa kwenye dumu lililofungwa kwa kamba za mpira juu ya chesesi. Mzee mkubwa kuliko wote alipanda kwenye usukani bila kualikwa, akatemea viganja, akabonyeza stata. Injini ilikohoa, ikanyamaza, halafu ikaachia moshi mweusi wa miaka yote iliyokaa kimya. Upepo wa Makambako mnaujua. Uliubeba ule moshi wote juu ya ua wa jirani, ambako majoho meupe ya kwaya yalikuwa yameanikwa kwa ajili ya Jumapili.

Hapo honi ya upepo ikang'ang'ania. Ikalia mfululizo hata shuleni wakatoka nje kwa mapumziko, kengele zote mbili zikiwa hazijaguswa. Mzee akapaza sauti kwamba analitoa kidogo barabarani. Akatafuta gia ya kwanza kwa njia ya klachi mara mbili, akaitafuta kwa njia ya kusikiliza, gari likarudi nyuma, likapita kwenye uzio wa matete wa jirani yuleyule, likazimika.

Wazee walishangilia. Dereva akashuka taratibu, akaninyooshea mkono.

"Posho."

"Ya nini, mzee wangu? Umerudi nyuma tu."

"Kurudi nyuma ndiko kugumu."

Tulikuwa bado tunavutana alipoingia mwenyekiti wa kwaya, majoho mkononi, kipande cha uzio begani, akiuliza gari hili ni la nani. Nikageuka kuwatazama wenye gari letu. Vigoda vilikuwa vinaokotwa. Mzee akavua kofia kwa heshima, akanielekeza kwa kidevu.

"Gari ni la huyu, mama. Mimi ni dereva tu."