Spana Namba 46

Mwenye Toyota hajui neema aliyonayo. Gari likimgomea Kibaigwa saa mbili usiku, kipuri atakipata kwenye duka hilohilo linalouza soda na vocha. Mimi nina Volkswagen Kombi, ile ya zamani yenye injini nyuma. Vipuri vyake vipo, tena vingi, ila vipo Brazil.

Ugomvi unaanzia kwenye umri. Kadi ya gari inasema 1970. Kumbe kiwanda kilikuwa kinabadili mambo kila Agosti, wafanyakazi wakirudi likizo, kwa hiyo Kombi iliyotoka Septemba 1970 inahesabiwa ya 1971. Na ya 1971 haielewani na ya 1970: breki za mbele ziliacha dramu zikawa za diski, hata bolti za rimu zikahamishwa nafasi. Basi kwenye maduka ya vipuri pale Gerezani nikionyesha kadi, napewa breki shuu zinazokubaliana na kadi na kukataana na gari. "Mzee, kwani hii gari ilizaliwa lini?" muuzaji ananihoji, kama karani wa mafao mbele ya bibi asiye na cheti.

Turudi Brazil. Wale walitengeneza Kombi hadi Desemba 2013, na ukisikia hivyo unapumua. Usipumue. Za miaka ya mwisho zilifungwa injini ya maji, na rejeta puani. Yangu inapozwa na hewa. Jambo hilo hakuna anayelikubali njiani. Nikiegesha tu kununua machungwa, msamaria ameshafika na dumu: "Imechemsha hiyo, mzee, tuweke maji." Nikimwambia haina rejeta ananihurumia, kisha anaizunguka gari kuitafuta.

Kwa haki, Wajerumani walitumia akili. Soketi ya 21 inafungua plagi, na nati ya pulei ya dinamo ni 21 pia. Tapeti zinataka spana ya 13, bisibisi na kibati cha kupimia cha milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Mkanda wa feni ukilegea husogezi dinamo. Unafungua pulei, unatoa washa katikati na kuihamishia nje. Mafundi vijana hawaamini. Mmoja alikuja na kompyuta yake ya kupimia magari, akaniuliza aichomeke wapi.

Halafu akili hizohizo zikaweka nati ya 46 kwenye gurudumu la nyuma. Spana yake haina kazi nyingine duniani. Jirani anayekopa kila kitu, hadi ngazi, hiyo hajawahi kuiulizia. Na peke yake haitoshi: lazima uchomeke bomba refu kwenye mkono wake na utafute mtu mzito wa kusimama juu. Shemeji yangu ana mwili. Akija Jumapili kula pilau, mimi namuongezea nyama.

Oili nayo ina mambo yake. Hakuna filta ya kufungua na kutupa. Kuna chujio la waya chini ya injini, na kila ukibadilisha oili linadai gasketi mbili za karatasi na washa za shaba. "Chukua filta hii tu, bosi, zinaingiliana," naambiwa. Ziingiliane wapi?

Kwa kuwa dukani hakuna kitu, vyote natembea navyo. Mkanda wa akiba, maana ukikatika feni inasimama na injini inaiva. Kabureta ya pili, koili, kebo ya klachi, kebo ya akseleta, jeki, bomba la shemeji. Viti vya nyuma vimekuwa stoo. Juzi tulikuwa na harusi Bagamoyo. Mke wangu alifungua mlango akiwa na gauni lake la kitenge, akaona grisi, akaufunga.

"Baba, tangulia na vyuma vyako. Sisi na watoto tunapanda daladala."

Nilipofika walikuwa wanakata keki. Shemeji alinipokea getini, akatazama mikono yangu, akaniambia viatu vyake ni vipya.