Sifa za Plagi ya Tela

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ina sanamu yake, ya rangi ya dhahabu, pale Goma, mashariki mwa Kongo. Ndege za mizigo nazo ziliwahi kupewa heshima kupita kiasi: huko Walikale, kipande cha lami cha Kilambo kiligeuzwa uwanja, zikawa zinatua katikati ya barabara kuchukua kasiteriti, mawe yenye bati, ya machimbo ya Bisie huku magari yakingoja pembeni. Plagi ya tela, kile kidude cha matundu saba kinachounganisha umeme wa gari na taa za mzigo unaovutwa nyuma, haijapata kitu isipokuwa matusi. Hutukanwa kwa Kiswahili, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, na ikikataa kabisa, hutukanwa kwa Kifaransa. Imevumilia vya kutosha, sasa isifiwe.

Fadhila zake ndogo tuzipitie upesi. Ni nyenyekevu: kutoka Sake hadi Masisi huning'inia chini kuliko namba ya gari, mdomo wazi, ikila tope. Ni mkarimu kwa mafundi, maana hakuna aliyeitengeneza mara moja akaacha kulipwa mara ya pili. Haina siasa: chini ya kila aliyewahi kuishika Rubaya, mji wa machimbo, imefanya kazi vilevile, yaani haikufanya. Tena ni mwalimu mkali. Kwenye mpangilio wa volti 12 wa majipi na pikapu uliotoka Ulaya, waya mweupe wa masi hukaa tundu namba 3. Kwenye malori ya volti 24 hukaa namba 1, na namba 3 ni ya taa ya kona ya kushoto. Fundi aliyezoea majipi akilifungia tela la lori plagi kwa mazoea yake, dereva atawasha taa ya kushoto na fyuzi itaungua. Ataweka nyingine, atawasha tena, itaungua tena, mpaka aamue kwamba kuanzia leo safari zote ni za kulia.

Lakini fadhila inayoipandisha juu ya watu wengi wenye mihuri ni moja: plagi haijui kuchukua bila kurudisha. Nyaya sita hupeleka umeme nyuma, huu wa breki, huu wa kona, hizi za taa za usiku, na waya mmoja mweupe unaurudisha wote kwenye betri. Huo mmoja ukikatika, hakuna kinachopokea sawasawa. Hapo ndipo uadilifu wa plagi unapofikia daraja la mawalii. Umeme wa breki ukishakosa njia ya kurudi, hauketi nyuma ukajenga ghorofa. Unahangaika, unapita kwenye ampuli za jirani zake kinyumenyume, unawasha taa ya kona ambayo hakuna aliyeiomba, na breki yenyewe inabaki na wekundu hafifu. Mara nyingine ndoano ya tela hujitolea kuwa masi, chuma kwa chuma, na kila shimo linazima taa zote na kuziwasha tena. Hata katika kuharibika, plagi inatafuta njia ya kurudisha kilichochukuliwa. Mwenye kubisha achukue ampuli yenye nyaya mbili, mmoja augusishe kwenye tundu la breki huku mwenzake akikanyaga pedali, wa pili augusishe kwenye masi: ikiwaka, upande wa gari ni mzima, isipowaka, asimtafute mchawi.

Mtu atasema huo si uadilifu, ni ubovu tu, na chumvi ya kijani inayoota kwenye shaba haistahili wasifu. Kweli ni ubovu. Ila ni ubovu unaojitangaza palepale, nyuma ya tela, mbele ya macho ya kila anayefuata. Hauundi tume. Hauandiki ripoti kwamba breki iliwaka kwa asilimia mia.

Sasa tusogee hatua chache, hadi kwenye kamba. Bariere ya Kivu haihitaji zaidi ya kamba au mti uliolazwa njiani, mwenye sare au asiye na sare, na daftari. Mwenye daftari huzunguka nyuma ya tela saa sita mchana, jua la utosi, na kuagiza breki ikanyagwe. Inawaka taa ya kona. Ni kosa, na kosa lina bei. Waya ulikatwa na shimo, shimo liko pale alipoegemea, na limekuwa pale tangu kabla hajapangiwa kituo! Yeye ndiye anayelinda shimo, kisha anamtoza aliyeumizwa nalo. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, uliundwa kwa sheria mwaka 2008 ili fedha za mafuta na za ushuru wa njia zirudi barabarani. Na mwaka 2024, baada ya waasi wa M23 kuitwaa Rubaya, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya huko. Nyaya za kupeleka, basi, zipo na ni nzima, kila upande wa vita. Waya mweupe ndio hauonekani.

Wapo watakaosema ni vita, serikali haiwezi kutengeneza barabara isiyoishika. Lakini kuanzia 2006 hadi 2009 waliokaa juu ya machimbo ya Bisie walikuwa kikosi cha jeshi la serikali yenyewe, na ndege ziliendelea kutua Kilambo kwa sababu malori hayakuweza kufika Goma. Watasema ni mvua na milima. Mvua inanyesha pia juu ya kamba, na kamba ikikatika asubuhi, kabla ya jua kutua imefungwa nyingine. Kumbe matengenezo ya haraka yanawezekana Masisi. Yamechagua tu cha kutengeneza.

Na bado mwenye daftari ana hoja moja ya kweli: ukungu wa vilima vya Masisi ukishuka, tela lisilo na taa ya breki nyuma linaua. Kwa hiyo dereva atimize lake. Akwangue chuma cha fremu mpaka king'ae, auchune waya mweupe mpaka afikie shaba isiyo na ukijani, aukaze kwa boliti yake peke yake, apake grisi, na asiitegemee ndoano. Ni kazi ya muda mfupi na haina gharama kubwa. Mwenye kamba naye, awe wa Kinshasa au wa msituni, atimize lake: kwenye kila risiti ya faini ya taa, chini ya kiasi kilicholipwa, aandike jina la mahali lilipo shimo litakalozibwa kwa fedha hiyo. Akikosa la kuandika, afungue kamba gari lipite.