Kamba Huona Haya Akiniona

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, akina mama mlioketi pale nyuma na maseredani yenu, na wewe kijana wa spika: nisogezee maikrofoni. Sauti hii haikuumbwa kwa ajili ya safu ya mbele peke yake.

Nimeombwa nizungumzie mapishi mepesi ya kiangazi: kamba na chaza wabichi, pamoja na mboga za bustanini. Aliyeniomba alinipa dakika kumi. Nilimhurumia. Dakika kumi hazitoshi hata kuusoma wasifu wangu, niliouchapisha kwa gharama zangu mwenyewe na mtakaoukuta mlangoni kwa bei ya heshima.

Tuanze na elimu yangu. Kome nilijifunzia Brussels, na sitaki ubishi. Wapo mahasidi wanaodai kwamba sikutoka nje ya uwanja wa ndege, kwamba nilikuwa nikisubiri ndege ya kuunganisha. Nawauliza, uwanja huo uko wapi, kama si Brussels? (Nimesikia huyo aliyesema "Zaventem". Akae chini.) Nilimsifia mhudumu wa pale kome wa Ubelgiji, naye akanijibu kwamba wengi wao hutoka Yerseke, Uholanzi. Nilimsamehe. Mtu anayebeba sinia mchana kutwa atajulia wapi jiografia? Kisha nikaagiza mkate wa jibini, kwa kuwa bei ya kome haikuzingatia hadhi ya mnunuzi.

Niliporudi nyumbani nikaamua kuokota chaza kwa mkono wangu, maana bingwa hanunui. Nikenda Bweleo, kule ambako akina mama wanafuga chaza wa lulu, siku ya mwezi mpevu, saa kumi jioni. Nilikuwa na koti jeupe, ndoo mpya na mpiga picha. Bahari ilikuwa imefura hadi karibu na mizizi ya minazi. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, bamvua hili. Maji yamekupwa asubuhi, mnamo saa nne. Saa hizi yamejaa, na yakijaa bamvua huku kwetu hupanda mita nne nzima." Nilimshukuru kwa maoni yake. Ukweli ni kwamba bahari haikupewa taarifa ya ujio wangu, na ofisi inayohusika imeshaandikiwa barua. Ile picha yangu nikiwa majini hadi kiunoni, na ndoo ikielea, iko kwenye jalada la wasifu. Nimekwambieni, mlangoni.

Chaza nikapewa na huyo huyo bibi, kwa huruma mnayoweza kuiita ufadhili. Hapa ndipo penye sayansi. Mimi huchagua walio wazi, kwa sababu chaza aliyefungua mlango ni chaza mkarimu. Nasikia minong'ono huko nyuma. Naam, bi mkubwa? "Aliye wazi, ukamgonga asijifunge, keshakufa." Hayo ni mawazo ya kale. Mimi niliwaloweka usiku kucha kwenye maji matamu ya bomba ili watakate. Unasema maji matamu huwaua? Basi walikufa wasafi. Mgeni wangu wa heshima aliondoka kabla ya matunda kuletwa, ameshika tumbo kwa furaha.

Sasa kamba. Watu wasiosoma humpasua mgongo na kuvuta ule uzi mweusi. Mimi siutoi. Ule ni mshipa wa fikra wa kamba, na ladha yake, kwa ulimi uliosoma, ina kina. Nimewaandalia wakurugenzi wawili na balozi mmoja mstaafu, na wote walisema hawajapata kula kitu kama kile. Bi mkubwa, tafadhali, usinikatize... Utumbo? Una nini ndani?

Tuendelee.

Kamba akiingia chunguni hugeuka mwekundu. Ni kwa nini? Utafiti wangu unaonyesha kwamba huona haya akiniona. Binti mmoja wa skuli aliwahi kusimama katika mhadhara wangu akadai kwamba wekundu huo umo ndani ya gamba tangu baharini, umefungwa na protini, na moto ukishaivunja protini hiyo rangi hujitokeza. Akaongeza kwamba kamba akishakuwa mwekundu na kujikunja, ameiva, na hilo halizidi dakika chache. Dakika chache! Mimi humchemsha dakika 45. Kweli hatafuniki, lakini tangu lini heshima ikatafunwa?

Nimebakiwa na mboga. Bustani yangu ina viti vitatu, mwavuli na bango lenye jina langu. Bamia, tungule, bilingani na kotmiri ziko kwa jirani, nyuma ya ua, nami nimejaliwa mkono mrefu. Bamia naiacha mpaka ishinde kiganja, kwani mtu mkubwa hali mboga changa. Jino alilopoteza shemeji yangu lilikuwa bovu tangu zamani.

Samahani, mbona viti vinageuzwa? Mwenyekiti, kuna harufu inayoingilia mhadhara. Bi mkubwa, umefanya nini hapo? Umekaanga kitunguu na thomu, ukatia tungule, ukatia bamia zinazovunjika kwa kidole, kamba ukawaweka mwisho, halafu tui zito, na ukaepua kabla tui halijakatika? Basi? Bila hotuba? Na ndimu umekamua baada ya kuepua, si kabla?

Mpishi hodari hukagua kazi za wengine, ndilo jukumu lake. Kijana, niletee sahani. Jaza. Bado pana nafasi hapo pembeni.

Hm.

Bi mkubwa, kabla hujaondoka, niandikie yote hayo kwenye karatasi, kwa mwandiko unaosomeka, na usisahau kiasi cha chumvi. Kitabu changu kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu, na sura ya tatu, "Kamba kwa Mbinu Yangu", ilikuwa bado tupu.