Feda 25

Kikao cha wazee wa kanisa kilikwama kwenye neno moja. Nilikuwa nimesimama mbele yao na karatasi mbili: moja ina picha ya miksa ya kidijitali, X32, ile kubwa ya mezani, nyingine ina picha ya mdogo wake, X32 Rack, kisanduku cha kufungwa kwenye raki.

"Hii kubwa," nikasema, "ina feda 25."

Mzee mhazini akavua miwani. "Fedha 25 nini? Milioni?"

Nikaeleza kwamba feda ni vile vishikio vinavyosukumwa juu na chini kuongeza na kupunguza sauti. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikachungulia daftari lake. Ameandika: fedha 25, zipatikane wapi?

Miksa yetu ya zamani ilikuwa imefariki kwa chai ya rangi, kikombe kizima, kilichomwagwa na mtu ambaye sina sababu ya kumtaja kwa kuwa familia yangu inamheshimu. Ikaamuliwa tukodi hizi mbili kwa zamu, Jumapili moja moja, kisha usharika uchague.

Ile kubwa iliingia kanisani kama bwana harusi. Ina kilo 20 na ushee kabla hujahesabu kasha lake, na upana wa sentimita 90, kwa hiyo ilihitaji meza, na meza ilihitaji benchi la nyuma liondoke. Benchi lile lina mwenyewe. Bibi yule amelikalia tangu kanisa likiwa la mabati. Alipofika akasimama akaitazama ile meza, kisha akavuta kiti cha plastiki akaketi ubavuni kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekaa mahali pangu."

Sasa, feda za X32 zina mota. Ukihama kutoka chaneli 1 hadi 16 kwenda 17 hadi 32, zote 16 za upande wa kushoto hujipanga upya zenyewe kwa mpigo mmoja, trrr, bila kuguswa. Sikuwa nimefikiria jambo hilo linaonekanaje kwa mtu wa umri wa bibi, katikati ya sala ya toba. Nikabonyeza kitufe. Feda zikapanda, nyingine zikashuka. Bibi akanishika mkono.

"Mwanangu, hiki chombo kimeombewa?"

Lakini nisiseme uongo, nilikipenda. Kwaya ikipamba moto, vidole vinajua vyenyewe solo yuko wapi na besi yuko wapi, macho yanabaki kwa waimbaji. Tena watu wanakuona. Umekaa nyuma ya taa na vidirisha vya rangi kama rubani. Vijana watatu walinifuata baada ya ibada kuuliza mtu anasomea wapi kazi hii. Katika miaka yote ya miksa ya zamani, swali pekee nililowahi kuulizwa ni kwa nini maiki inalia.

Nikawaeleza wazee kwamba ndani hizi mbili ni pacha. Zote zinachakata chaneli 40, zote zina njia 25 za kupeleka sauti. Kubwa ina matundu 32 ya maiki mgongoni, ndogo ina 16, na ukitaka zaidi unaongeza sanduku la jukwaani kwa waya wa mtandao. Kwaya haitasikika tamu zaidi kwa sababu ya meza. Ukinunua kubwa, fedha ya ziada inalipia zaidi mahali pa kuweka mikono. Wakati ule nilidhani hiyo ni hoja ya kuunga mkono ndogo.

Ndogo ilikuja kwa bajaji, nimeipakata. Kimo chake ni kama sentimita 13. Nikaiweka pembeni mwa kwaya, nikachomeka maiki hapo hapo, tukaachana na ule waya mnene chini ya zulia ambao umewahi kumwangusha mgeni rasmi. Ruta nikaiweka sakafuni nyuma ya waimbaji, isiharibu sura ya madhabahu. Ijumaa jioni nikajaribu na tableti yangu. Nikatembea hadi getini, hadi mwembeni, hadi chooni, na kila nilipogusa kioo, sauti ilitii. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno.

Asiyeijua Mavuno, ajue kwamba baada ya ibada kanisa linageuka mnada. Kuna mikungu ya ndizi, maboga, kuku waliofungwa miguu, na mwaka ule kulikuwa na beberu. Mzee aliyeanza kunadi ana sauti ya mtu anayesimulia siri, kwa hiyo nilipandisha maiki yake hadi juu kabisa. Akachoka, akamkabidhi mwenyekiti wa akina mama, ambaye sauti yake haijawahi kumkosa mtu wa kijiji cha pili. Naye akaanza kutembea na maiki kuelekea kwenye spika.

Nikagusa tableti kumshusha. Kiduara kikazunguka. Kikaendelea kuzunguka.

Miksa haikuzima, laiti ingezima. Iliendelea kutii amri yangu ya mwisho, nayo ilikuwa "juu kabisa". Mluzi uliotoka pale ulifanya kuku wajibu. Nikakimbia hadi kwenye raki, na hapo nikakuta mtu amemfunga beberu kwenye mguu wa raki, kwa kuwa ndicho kitu kizito kilichokuwa karibu. Maiki zetu zisizo na waya ni nne, zote nyeusi, na karatasi inayoonyesha ipi ni chaneli ipi nilikuwa nimeibandika ubavuni mwa raki. Beberu alikuwa amefikia chaneli ya 9.

Nikapiga magoti, mgongo kwa waumini, nikizungusha kitufe kimoja mbele ya kioo kidogo kuliko cha simu yangu. Nilimzima mpiga kinanda. Nikamzima mchungaji. Mwishowe mama mwenyekiti akaiweka maiki chini, akaendelea kunadi kwa mdomo wake, na hadi watu wa mwembeni wakataja bei.

"Ijumaa uliwapimia mabenchi," fundi mwenzangu aliniambia. "Binadamu ni maji, na maji yanakula mawimbi ya wai-fai." Kwaya nzima ilikuwa imesimama kati yangu na ruta, na nusu ya kanisa ilikuwa imewasha hotspoti. Siku hizi ruta inaning'inia juu ya nguzo, inatumia gigahezi 5, na waya wa akiba unafika hadi benchi langu.

Kikao cha pili kilichukua dakika kumi.

"Hii ndogo ina fedha ngapi?" mhazini akauliza.

"Feda, mzee. Haina hata moja."

"Basi ndiyo ya kwetu," akatia sahihi.

Bibi amerudishiwa benchi lake. Mimi nakaa mbele na tableti mapajani, na Jumapili iliyopita Baba Mchungaji aliwakemea kwa kirefu wanaochezea simu ibadani, akinitazama. Nikamshusha desibeli tatu.