Nahodha wa Sebuleni

Shemeji yangu ni mvuvi hodari. Ngalawa hajawahi kuikanyaga, mawimbi humtia kichefuchefu, na kupaa magamba humwachia dada yangu. Lakini ndani ya toleo la Classic la World of Warcraft, gemu lililotoka mwaka 2004, bwana huyo ni nahodha.

Juzi nilimkuta saa nane za usiku, macho yamemwiva kama pilipili. Kuna mzee humo, Nat Pagle, kajikalia kisiwani pake kwenye kinamasi cha Dustwallow. Bila alama 225 za uvuvi hana shida nawe. Ukizifikisha, anakutuma samaki wanne adimu, nao kwa hisani yao wanaishi mbalimbali: mmoja Feralas, mmoja Desolace, mmoja Swamp of Sorrows, mmoja pwani ya Stranglethorn. Unatupa mshipi, unakodolea boya. Likishtuka, bonyeza. Ukisinzia, kaenda. Ukiwahi, mara nyingi unavuta kisamaki kisichotakiwa na yeyote, hata na paka.

“Vipi, shemeji?”

“Bado mmoja,” akajibu, kwa unyonge wa mtu aliyezamisha jahazi zima.

Na ujira wake? Ruhusa ya kuendelea kuvua, mpaka alama 300. Hongera, shemeji! Umekesha ukivua ili upewe kibali cha kuvua.

Asubuhi dada alimpa hela akanunue changu sokoni. Alirudi mikono mitupu. Eti foleni ilikuwa ndefu, na yeye hana subira ya kungoja samaki.